Mama na Filamu ya Majirani

Mama alikuwa hajamkubali mchumba wangu. Kwa kukosa akili nyingine, nikamwalika kijana wa watu Jumapili moja baada ya misa, aje tutazame filamu ya kutisha. Filamu hizo Mama anazipenda. Kilichomshinda ni Mkatanga kuoa binti wa Wakasai kama sisi. Alipokuwa msichana, majirani Wakatanga waliwafukuza yeye na wazazi wake kwao Kipushi, mji wa Katanga, nao wakalala stesheni wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai. Baadaye alirudi, akaishi Lubumbashi, maana Kasai yenyewe hakuijua. Ukimwambia yaliyopita si ndwele, anakuuliza kama umewahi kulala stesheni.

Ilikuwa sehemu ya pili ya filamu tuliyokwisha kuiona. Familia ya Weusi wa Marekani inarudi katika mtaa wa Wazungu ilikofukuzwa, na nyumba yao ya zamani imejaa mashetani. Sauti ilikuwa ya Kifaransa, na kwetu ni desturi mmoja awatafsirie wakubwa huku wengine wakizomea. Mimi nilitafsiri. Mchumba wangu alizomea mashetani kwa moyo wote, maskini, akidhani ndiyo njia ya kumpata mkwe.

Mama hakuyaogopa mashetani hata kidogo. Alishtuka pale jirani Mzungu, mama mpole mwenye keki, alipowakaribisha wale Weusi kwake, na kabati lao, waliloliacha walipofukuzwa, likaonekana limesimama sebuleni mwake.

"Ule njo shetani," alisema, akimwonyesha yule jirani kwa kidole.

Nikamweleza, kwa sauti ya mwalimu, kwamba filamu inazungumzia ubaguzi wa rangi.

"Rangi gani? Kipushi bote tulikuwa beusi."

Mchumba wangu akacheka. "Ata kwetu kuko kabati sawa ile, Mama. Papa anasemaka bantu baliachaka, balienda na treni."

Alisema hivyo kama mtu anayesema kwao kuna kuku. Wakasai walipofukuzwa hakuwa amezaliwa, na nadhani hakuwahi kujiuliza kabati lilikuwa la nani. Nilizima televisheni. Nilitamani kumpiga.

Mama hakupandisha sauti. "Papa yako akuye nayo hapa, ile kabati. Na aniambie ilikuwaka ya nani. Pale njo nitaitika ndoa."

"Iko yenu, Mama?" mchumba wangu akauliza.

"Hapana. Yetu balipasulaka kuni. Lakini iko ya muntu."

Siku ya familia zetu kukutana, kabati lilifika kwa pikapu, limefungwa kamba na kung'arishwa vizuri. Baba wa mchumba wangu, mstaafu wa reli, alisimama kando yake uani. Mama akamuuliza lilikuwa la nani. Niliogopa sana asije akasema amesahau, ndoa yangu ikaishia hapo.

Hakuwa amesahau. Alitaja jina la mke, la mume, kisha la kila mtoto, kuanzia mkubwa hadi kitinda mimba ambaye, alisema, alizoea kuja asubuhi kuomba chumvi kwa mke wake. Alitaja hata jina la mbwa wao. Hakusita popote.

Mama akamwambia, "Ikala, bokilo," yaani akae. Bokilo ndivyo mkwe anavyoitwa kwetu. Viti vikaletwa, vinywaji vikafunguliwa, watu wakaanza kupumua.

Kwa desturi, binti huulizwa mbele ya wote kama anakubali. Swali hilo nilikuwa nimelingoja muda mrefu, na sasa likaulizwa. Nilimtazama yule mzee aliyewakumbuka wote na bado akakaa na kabati lao miaka yote, na nikakawia kujibu.