Pori Lisilokaliwa na Watu

Ua lenyewe ni dogo, na ukilipita haraka utasema ni lile lile la kando ya njia. Lina petali nyeupe, nyembamba, zilizozunguka kitovu cha manjano. Ukizigeuza, chini yake zina wekundu uliokoza, kama vidole vya mtu aliyekula zambarau. Majani yana vinyweleo upande mmoja tu na shina halifiki gotini. Ni la jamii ya alizeti, na wataalamu walipokaa nalo mezani waliona kwamba halijawahi kuandikwa mahali popote duniani. Mimi nilikuwa nikilijua tangu nina meno ya utoto.

Nilikuwa bibi shamba wa pamba, kituo changu Bunda, miaka ile baada ya watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Siku moja niliitwa Musoma, makao ya mkoa, nikaambiwa kuna mtafiti wa mimea kutoka chuo kikuu anayetaka mwenyeji wa kumtembeza kwenye vilima vya upande wa Butiama. Nilichaguliwa kwa sababu nilizaliwa huko. Mwenyewe nilijiambia nimechaguliwa kwa sababu ya akili zangu. Kulikuwa na kozi Dar es Salaam niliyokuwa naitolea macho, na barua ya mtu wa chuo kikuu ingenifungulia mlango. Nilipiga pasi gauni langu mara mbili.

Kwa siku mbili tulipanda na kushuka. Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani mizito, na kila mahali alibeba fremu mbili za mbao zilizofungwa mikanda, katikati zikiwa na magazeti ya zamani ya kukaushia mimea. Kila nilichomwonyesha alikuwa anakijua. Alinishukuru kwa adabu, akaendelea na safari, nami nikaanza kuiona barua yangu ikiponyoka. Ndipo nikakumbuka ua la kwa Shangazi.

Shangazi, dada mkubwa wa baba yangu, ndiye aliyenilea. Boma lake lilikuwa juu ya kilima, mwendo wa asubuhi nzima kutoka Mwitongo, pale Butiama: nyumba mbili, ghala la mtama, na zizi lililozungushiwa mawe. Maua yale yaliota pembeni mwa zizi, pale samadi ilipochanganyika na majivu, na sikuwahi kuyaona kwingine. Operesheni ya vijiji ilipofika, Shangazi alipandishwa kwenye lori pamoja na vyungu vyake, akateremshwa kijijini kwenye nyumba zilizopangwa mstari kama madawati. Siku ile mimi nilikuwa Bunda, nina kazi nyingi. Nyingine nilijitafutia mwenyewe.

Tulimkuta akipepeta mtama. Nilipomweleza shida yetu aliweka ungo chini, akachukua fimbo, akatutangulia mlimani kwa mwendo uliotufanya mimi na mtafiti tuoneane aibu. Mahame yake yalikuwa kama nilivyoogopa kuyaona. Paa hakuna, kuta zimeliwa na mvua. Lakini mawe ya zizi yalikuwepo, na mafiga matatu yalikuwepo bado na masizi yake. Na maua yalikuwa yamejaa tele.

Mtafiti alipiga magoti, akalikata ua moja katikati kwa kisu, akatuita tuangalie. "Mnadhani hili ni ua moja," alisema. "Siyo. Ni maua mengi madogo madogo yaliyokaa pamoja, kila moja na mbegu yake. Hiki ni kijiji cha ujamaa."

Nilicheka. Nilicheka kuliko mzaha ulivyostahili, maana aliyetania ndiye mwenye barua. Shangazi aliniuliza kwa lugha yetu tunacheka nini. Nikamjibu kwamba si kitu.

Wakati huo Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu. Alisogea karibu nami, akasema taratibu, kwa lugha yetu, ili nisipoteze neno: "Mwambie aandike kwamba hapa ni kwangu. Wale wa lori waliandika majina yetu na wakahesabu vyungu vyetu. Hawakuandika tulikotoka."

Mtafiti aliinua macho kunitazama, akingoja tafsiri.

"Anasema amefurahi umefika," nikamwambia.

Nimejaribu miaka yote kumtafuta mtu aliyenikataza kusema kweli siku ile, nimlaumu. Simpati. Hakuna aliyenitisha, na hapakuwa na kiongozi wala mjumbe karibu. Nilimwogopa mtu ambaye angeisoma karatasi ya mtafiti siku moja ofisini, akaona kwamba bibi shamba amesema hapa palikuwa na mji wa watu na sasa hapana, kisha akauliza huyo bibi shamba ana maana gani, na mwenye mji ni nani yake. Niliifikiria kozi, nikamkana Shangazi akiwa amesimama pembeni yangu.

Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, kwa hiyo mtafiti alinipa kalamu nijaze kikaratasi cha kuambatanisha na mmea wakati yeye anafunga mikanda. Nilijaza wilaya. Nilijaza rangi ya ua likiwa bichi, kwa kuwa likikauka hupoteza rangi. Nilipofika kwenye mazingira niliandika: mlima wa mawe, pori lisilokaliwa na watu.

Alikisoma, kisha akayatazama mafiga. "Na haya?"

"Wachungaji hupika hapa," nikasema. Nilikuwa nimevaa miwani ya mbao, kama watu wasemavyo.

Shangazi alikuwa ameegemea mawe ya zizi, ananitazama ninavyoandika, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu alipohamishwa. Aliamini ninayaandika maneno yake.

Barua niliipata, na kozi nikaenda. Niliporudi nilihamishiwa Musoma, nikapanga chumba mtaa wa Mukendo, na huko ndiko bahasha iliponikuta. Ndani yake mlikuwa na kurasa zilizopigwa chapa, juu Kilatini na chini Kiingereza: urefu wa shina, hesabu ya petali, vinyweleo, kila kitu. Na sentensi yangu ilikuwemo, imevishwa Kiingereza safi. Mtafiti alikuwa ameambatanisha barua fupi. Alisema ametuma wanafunzi mara mbili kulitafuta ua hilo kwenye mapori mengine yasiyo na watu na hawajaliona, akauliza kama nina fununu yoyote. Wangelionaje? Walikuwa wakitafuta pori, na lile ni ua la zizini, linafuata ng'ombe na majivu ya watu. Sentensi moja ingetosha kumwambia. Nilimjibu kwamba pengine mvua zilikuwa haba.

Shangazi naye habari za kurasa zile zilimfikia, akaagiza nimpelekee hicho kitabu. Wakati huo elimu ya watu wazima ilikuwa imepamba moto, naye alikuwa anakaa benchi la mbele, na Kiswahili alikipata humo humo pamoja na herufi. Alizichukua kurasa zile mikononi, akapitisha kidole mstari kwa mstari, midomo ikicheza.

"Hii herufi nazijua zote," alisema kwa Kiswahili chake kipya. "Mbona hazisemi kitu?"

"Ni lugha ya wataalamu, Shangazi."

"Wapi wameandika kwangu?"

Ningeweza kusema. Tulikuwa wawili tu, na angenigombeza, labda angelia, kisha angenipikia ugali. Badala yake niliweka kidole changu kwenye sentensi ile ile ya pori, nikamsomea: "Ua hili lilipatikana nyumbani kwa mama mfugaji, mlimani, mahali ambapo watu wameishi miaka mingi." Maneno yalinitoka bila kigugumizi.

Aliingia ndani, akatoka na daftari lake la kisomo na penseli. "Niandikie hiyo kwa Kiswahili," alisema. "Nataka niisome mwenyewe."

Nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri.

Miezi michache baadaye nilialikwa kijijini siku ya mtihani wa kisomo, nikaketishwa kwenye viti vya wageni pamoja na katibu wa chama. Kila mwanafunzi alisoma kifungu alichopewa na mwalimu. Zamu ya Shangazi ilipofika alisema yeye amekuja na cha kwake. Alifungua daftari, akasimama wima, akaanza: u-a, ua, hi-li, hili. Alikwenda silabi kwa silabi mpaka mwisho, jasho likimtoka puani. Nilitazama viatu vyangu.

Katibu wa chama, mtu ambaye mfano wake ndio niliouogopa pale mlimani, aliomba arudie sentensi. Akarudia. Katibu akatikisa kichwa polepole kwa kukubali. "Pale mimi napajua," alisema. "Nilikuwaga napita pale, napewaga maziwa. Ni vizuri wamepaandika. Nani amepaandika?"

Shangazi alininyooshea mkono. "Huyu. Mtoto wa kaka yangu. Amepaweka kwa kitabu, wanasomaga mpaka Ulaya."

Walinigeukia wote, wakanipigia makofi. Nilisimama, nikainamisha kichwa kama mtu anayepokea shukrani, nikaketi. Nafasi ya kusema ilikuwepo, ndefu kabisa, maana makofi yalipoisha katibu aliendelea kunitazama akitabasamu, akingoja nami niseme neno. Nilisema nawapongeza wanafunzi wote.

Shangazi alipokuwa akirudi kwenye benchi alinipitia, akaniinamia sikioni. Alikuwa bado anahema.

"Kuna mahali nimekosea?"

"Hujakosea, Shangazi," nikasema. "Umesoma kama nilivyoandika."