Waya Ulikatika Mdomoni, Nikanyamaza

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka kuliko hata siku niliyokula kiapo cha uanajeshi. Nilikuwa askari wa redio, msichana wa miaka ishirini na minne, na mdomoni nilikuwa na nyaya za kunyoosha meno.

Usicheke. Siku hizi ni jambo la kawaida, lakini wakati ule kwetu Minjila, karibu na Garsen, hakuna aliyekuwa ameona meno ya mtu mzima yamefungwa chuma. Meno yangu ya juu yalikuwa yamepandana, na tangu shuleni nilizoea kuyaonea haya. Daktari wa meno wa kambini akaniambia yanaweza kunyooka. Alipomaliza kuniwekea nyaya, akaniagiza mambo matatu tu: nisitafune kitu kigumu, nirudi kila mwezi azikaze, na waya ukikatika nimwone siku hiyo hiyo. Nikaitikia, "Ndiyo, daktari." Kuitikia hakunipa taabu.

Mwaka huo mto Tana ukafurika, na kikosi chetu kikaitwa kuwatoa watu majini, tena kwetu, huku Garsen. Siku mbili kabla ya safari nikatafuna hindi la kuchoma, ambalo nilikuwa nimekatazwa, nikasikia tak! Waya wa nyuma umekatika na ncha yake inanichoma shavu. Nikawaza: nikisema, nitaachwa. Wenzangu watasema nimeachwa kwa ajili ya urembo. Na mama yangu yuko Minjila, maji yanapanda. Basi nikabandika nta ya mshumaa juu ya ile ncha, nikapanda lori.

Tulipofika, nashukuru Mungu, mama alikuwa ameshatolewa, yuko salama kwenye shule moja ya Garsen. Aliponitazama kinywa akashika kichwa. "Ulikosa nini huko jeshini hata wakakufunga kwa chuma?"

Nikamwambia ni matibabu. Sikumwambia kwamba usiku silali kwa maumivu.

Siku ya nne tangu tufike, shavu limevimba, ulimi hauna nafasi, zikaja habari kwamba mama mjamzito na mtoto wake mdogo wamekwama juu ya paa la ghala. Boti yetu ilikuwa tayari mtoni, na kazi ya kuielekeza ilikuwa yangu. Nikashika redio niseme, "Pita kushoto kwenye tangi la maji." Kilichotoka ni mvumo tu.

"Rudia," nahodha akasema.

Nikarudia.

"Sikuelewi! Umesema kulia? Haya, naenda kulia."

Nikapiga kelele, wapi! Sajenti Komora, mkuu wetu, mtu mzima kutoka Hola, akaja mbio akaninyang'anya redio. "Geuka! Kushoto, kwenye tangi!" Lakini boti ilikuwa imeshaingia katikati ya miti, na kurudi ilibidi ipambane na mkondo. Ilichukua karibu nusu saa. Mwanangu, nimeishi miaka mingi, ila nusu saa ndefu kama ile sijaiona tena. Nilisimama kwenye tope nikimwomba Mungu kwa mdomo usiofunguka.

Hatimaye redio ikalia: "Tumewapata wote. Maji yalikuwa miguuni mwao."

Sajenti akanikalisha juu ya gunia la mchanga, akanichungulia kinywani. "Waya huu umekatika lini?"

"Siku ya sita leo, afande."

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa utaniacha."

"Ningekuacha siku moja utibiwe, kesho yake ungetufuata na lori la chakula." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniumiza. "Meno ni yako, binti. Yanyooshe utakavyo, sina neno. Lakini leo mdomo huo ulikuwa wa yule mama juu ya paa."

Mganga wa kikosi akaikata ile ncha, akanipa dawa. Uvimbe ulipopungua nikaenda mwenyewe kwa yule mama, mkulima Mgiriama, nikamweleza kwa nini boti ilichelewa, nikamwomba radhi. Akaniwekea mtoto wake mapajani. "Nishikie nimalize uji. Mimi nakuona umekuja kusema. Yameisha." Yule mtoto akaingiza kidole mdomoni mwangu akivuta zile nyaya, na sote tukacheka.

Nyaya zilitolewa mwaka uliofuata, meno yamenyooka sawasawa. Nililitumikia jeshi hadi nikastaafu, na sikujuta kuyatengeneza.

Kwa hiyo, mwanangu, ukitaka kujirekebisha, mwili au maisha, jirekebishe bila haya. Lakini ukiumia, sema mapema, usingoje hadi maumivu yako yamfikie mtu asiyekujua. Mkuu mwema hakufukuzi kwa kusema kweli. Na ukikosea, nenda kwa uliyemkosea kwa miguu yako mwenyewe. Mungu akupe afya, akupe kazi ya heshima, na akuweke karibu na watu utakaothubutu kuwaambia panapokuuma. Amina.