Binti Mwenye Jina Langu Ndiye Aliyenifungia Mgahawa

Admin, nakuomba sana ufiche jina langu, maana ukilitaja utakuwa umetaja watu wawili.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na mbili, mzaliwa wa Kolwezi. Wazazi wangu walitoka Kasai kufuata kazi ya migodi. Naishi Dilala na nina mgahawa mdogo wa bukari, ule ugali wetu, majani ya sombe na samaki. Nina hasira, nasema mapema ili msome mkijua.

Rafiki yangu wa tangu utotoni nitamwita Mama Bea. Alipozaa binti yake wa kwanza alimpa jina langu. Kwetu mtoto wa namna hiyo ni wewe mwenyewe. Hata mama yake akitaka kumkemea anafikiria mara mbili, maana atakuwa analitaja jina langu kwa ukali. Sasa binti ana miaka ishirini na mbili.

Miaka michache iliyopita nilijifunza kuweka mgahawa kwenye ramani ya simu. Huku nyumba hazina namba. Mtu anakuelekeza, "Fika kwa fundi wa matairi, uliza." Dereva anayetoka Lubumbashi hamjui huyo fundi, yeye anaandika tu kwenye simu kwamba anatafuta chakula karibu. Nikapiga picha ya mlango, nikaweka saa za kazi na namba, nikawaomba wateja waandike wamekulaje. Magari yakaanza kusimama. Wala sikuwa mchoyo. Nilizunguka Dilala nikiwawekea wengine, kinyozi, mshonaji, muuza misumari. Mama Bea alipofungua mgahawa wake mtaa wa pili, nilimwekea mimi, tena kwa namba yangu, kwa sababu simu yake ilikuwa ile ya kubonyeza.

Ukurasa wangu nilimwachia binti ausimamie, neno la siri nikampa. Mume wangu aliniuliza kama nina hakika. Nikamjibu, "Nitamfichaje mtu mwenye jina langu?" Nikaendelea kupika, sikuuangalia tena.

Mwaka huu wateja wakakauka. Nikamwachisha kazi mpishi wangu, nikauza friza. Nilianza kuamini nimerogwa. Mama Bea akaja nyumbani, akaniwekea mkono kichwani, akaomba kwa machozi Mungu aniletee wateja. Nikasema amina. Nikikumbuka ile amina natamani kujipiga kofi.

Siku moja dereva mmoja, mteja wa zamani, alipita kwa miguu, gari lake likiwa gereji. Akasimama mlangoni kama ameona mzimu. "Ah, mama, uko? Telefone inasema ulifunga! Shiye tulizani kampani ilivunja nyumba, ikakuhamisha."

Hapa hakuna anayeshangaa habari kama hiyo. Mgodi ukipanuka, mtaa unahama, watu wanasikitika kidogo na kutafuta kwingine kwa kula. Alinionyesha simu. Mgahawa wangu umeandikwa umefungwa kabisa, na chini yake kuna maneno, kwa jina langu: "Tumehamishwa, asanteni kwa miaka yote. Muende kula kwa Mama Bea."

Nilimwita binti. Hakukana hata kidogo. "Mama njo alinituma," akasema akiangalia chini. "Alisema jina ni yangu pia, haiko bongo, hatudanganye mutu."

Nilimtoa nje. Ukurasa wangu nikaurudisha siku hiyo hiyo, kisha nikafungua wa Mama Bea, ambao bado uko kwa namba yangu. Jamani, msinihukumu haraka. Nilichukua alama ya mgahawa wake kwenye ramani nikaipeleka Mashamba, karibu na mashimo ya mgodi. Kesho yake wateja wake walikuwa wanampigia simu kutoka kwenye kizuizi, walinzi wakiwafukuza. Akaja kwangu mbio, hajui kama nimeshajua; binti hakuwa amemwambia.

"Dada, telefone inatuma batu ku Mashamba! Unisaidie, weye njo unajua ile mambo."

"Ni rezo," nikamwambia, yaani mtandao. "Ngojea, itarudi."

Alipoondoka nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilisikia raha, sitawadanganya. Sijairudisha mpaka leo.

Sasa ndipo mambo yanaponikaba. Jumamosi ijayo ni mahari ya binti. Familia ya mchumba wake inatoka Dilolo, hawajui mji huu, na Mama Bea, kwa kuamini neno langu kwamba itarudi, amewaambia wafuate ramani hadi kwake, ambako sherehe itafanyika. Nikinyamaza tu, wazee wa watu watafika kwenye mashimo na mbuzi wao na vitenge vyao, na Mama Bea atasimama na vyungu mbele ya viti vitupu. Ninachotaka ni aonje viti vitupu! Miezi yote ile mimi nilivifuta vumbi kila asubuhi.

Lakini jana binti alikuja peke yake, akapiga magoti jikoni kwangu. Alisema kwamba amemwambia mchumba wake kila kitu alichonifanyia, na kwamba hataki kitu kingine kwangu ila baraka. "Mama, utakuja kunibariki?" Kwa desturi yetu, mwenye jina ndiye anayeweka mkono wa kwanza. Nilikuwa nakata sombe, nikaendelea kukata.

Mama yake namtakia aibu, hilo sitalificha hata mbele ya padri. Ila wale wazee wakigeuka kurudi Dilolo wamekasirika, mlangoni kwao halitatajwa jina la Mama Bea. Litatajwa la bibi harusi, na la bibi harusi ni langu.

Nishaurini, nifanye nini? Msiniambie nisamehe. Niambieni tu, nirudishe ile alama kabla ya Jumamosi, au niiache palepale ilipo?