Mnyororo Niliouficha Chini ya Kiti

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyofungua mnyororo wa tela kwa sababu ya kicheko cha mashemeji. Juzi nilikuona barabarani unavuta tela kwa hiyo pikapu yako mpya, nikanyamaza kwa kuwa ulikuwa na wenzio. Leo uko peke yako. Kaa, nikusimulie jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona haya, ingawa nacheka pia.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami ni kijana, dereva wa tajiri mmoja wa Kihindi mwenye duka hapa Kibiti. Tajiri alinunua pikapu iliyokwisha kutumika na tela la magurudumu mawili, akanituma Dar es Salaam kutafuta chuma cha kuviunganisha. Nilifuatana na Mzee Mbonde, fundi chuma, Mmatumbi aliyeteremka kutoka milimani akahamia kwetu. Dukani kulikuwa na viungo viwili. Kimoja kilikuwa na tufe la chuma linalong'aa, unaweza kujitazamia ndevu. Cha pili kilikuwa cheusi, kizito, cha pini na pete, hakina sura. Mimi mkono ulikwenda kwenye kile cha kung'aa, wala sikuuliza.

Mzee Mbonde akaniuliza tela letu likijaa lina uzito gani. Sikujua.

"Basi hujui unachonunua," akasema, akachukua kile cheusi.

Uzuri wa mkakasi, mwanangu, ndani kipande cha mti. Tuliporudi alikifunga kwenye chesisi yenyewe, ndiyo mifupa ya gari, kwa bolti nne, akakataa katakata kukifunga kwenye bampa. Pini ilijaza tundu lake sawasawa, chini yake akatia kibanio cha kuizuia isiruke. Halafu akaongeza mnyororo mzito kutoka tela hadi pikapu. Nikamwambia pini peke yake inatosha, huo mnyororo wa nini? Akasema pini ni ya kila siku, mnyororo ni wa siku moja tu, na siku hiyo haitumi salamu.

Mwaka ule nilikuwa nimeposa kijijini Mloka. Mama wa mchumba wangu, Bi Salima, alikuwa mjane mwenye shamba la mpunga. Alilala dunguni msimu mzima, juu ya miti, akipiga debe kufukuza nguruwe na nyani. Mpunga alioupata ndio uliokuwa wali wa harusi yetu, na mbegu ya msimu wa pili imo humo humo. Harusi ingefanyika Kibiti, kwa kaka yake Bi Salima, na tajiri akaniruhusu niende na tela nikaulete.

Niliingia Mloka nikiwa nimenyoosha shingo. Lakini mnyororo ulikuwa unalia kila shimo, na kabla sijazima gari Mwajuma, mdogo wake mchumba wangu, alikwisha kuniweka sawa.

"Shemeji, tela lako limefanya kosa gani mpaka Mwingereza akalitia pingu?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Unajua utani wa shemeji, hauna rufaa. Utani mwingine ningeuvumilia, ila nilisikia na mchumba wangu anacheka nyuma ya mlango, na hicho ndicho kilichoniuma. Kesho yake asubuhi, kabla ya kupakia, nikaufungua ule mnyororo, nikauviringisha kwenye gunia na kuusukuma chini ya kiti.

Tukapakia, pikapu ikajaa na tela likajaa; mchumba wangu alibaki, aje baadaye na wazee. Sasa nyinyi siku hizi mnakaa na wakwe zenu sahani moja. Wakati ule mama mkwe hakuweza kukaa bega kwa bega na mkwewe, wala hakusema naye ana kwa ana; neno lilipitia kwa mtu wa tatu. Kwa hiyo Mwajuma alikaa mbele na mimi, na Bi Salima, kwa heshima zake, akapanda kwenye tela, juu ya magunia ya mpunga. Nami kwa heshima zangu sikugeuka hata mara moja kumtazama.

Tulikwenda kimya kimya, nikajiona dereva wa gavana. Kabla ya kijiji cha Mahege kulikuwa na mwinuko wa mchanga wenye makorongo pembeni. Nikakanyaga mafuta. Katikati ya mwinuko gari likawa jepesi ghafla, likapanda kwa nguvu, nami nikafurahi na kulisifia. Mwajuma ndiye aliyegeuka.

"Shemeji," akasema polepole, "mama yuko wapi?"

Mwanangu, nikageuka, tela halipo. Kibanio kilikuwa kimekatika, pini imeruka, na tela limerudi nyuma peke yake na mama wa watu juu yake. Nilikimbia kuteremka kile kilima huku nalia waziwazi. Nilimkuta ameshikilia kamba ya mzigo. Mkono wa tela ulikuwa umechimba mchanga, gurudumu limegota kwenye kichuguu, na nyuma ya kichuguu, hatua tatu tu, palikuwa na korongo. Gunia moja lilikuwa limepasuka. Yeye hakuwa na hata mkwaruzo.

Tulizoa mpunga kwa mikono, sote watatu. Kisha nikarudisha gari nyuma, nikaiokota pini mchangani, nikaitia, nikaifunga kwa waya, na sikuwa na budi kuutoa mnyororo chini ya kiti mbele ya macho yao. Bi Salima akamwambia Mwajuma aniulize kwa nini haukuwapo mahali pake. Nikajibu kweli, kwamba nilichekwa. Mwajuma akainamisha uso. Hapo Bi Salima akaacha mila, akanitazama, akasema nami mwenyewe kwa mara ya kwanza.

"Mwanangu, miezi mitatu nimepiga debe dunguni, na nyani wananicheka mitini. Ningeona haya, leo ungebeba nini?"

Jambo hilo hata kwa kaka yake hakulisimulia. Harusi ikafungwa, wali ukaliwa, na mbegu ikarudi shambani. Lakini mpaka anafariki, hakupanda tela langu bila kwanza kuinama, kanga kaishika kwa mkono mmoja, na kuutikisa mnyororo kwa mkono mwingine. Ukilia ndipo anapanda.

Basi nasaha yangu ndiyo hiyo. Chagua kiungo kwa uzito wa tela likiwa limejaa, usichague kwa sura ya pikapu. Kifunge kwenye chesisi, pini ijaze tundu lake, kibanio ukitazame kila unaposimama, na mnyororo usiufungue hata kama ni mchumba anayecheka. Atakayekucheka leo huenda kesho mama yake ndiye mzigo wako. Mungu akupe mizigo ya heri, mwanangu, na kila unachokivuta kifike unapofika wewe. Amina. Sasa nenda ukaitazame ile pini yako, juzi niliiona inacheza.