Bariyeri kwenye kalenda ya Kijapani

Wiki hii, dukani kwa muuza spea wa mtaa wa Buyenzi, tulingoja basi letu la kwenda Kamenge litengenezwe. Ukutani palikuwa na kalenda ya Kijapani: treni ndogo ya umeme, mabehewa mawili tu, ikipita katikati ya mashamba ya mpunga. Watu walisimama kando ya reli, nyuma ya bariyeri, kizuizi cha njia, iliyoshushwa.

Mama mmoja aliyebeba uji wa binti yake, aliyejifungua hospitalini Kamenge, aliitazama picha kwa muda mrefu. Jana yake askari wa bariyeri ya Kamenge, wanaokagua karatasi za kila mtu, walikuwa wamemrudisha.

"Na hawa wanarudishwa?" aliuliza.

"Apana, mama," alijibu mwenye duka, aliyewahi kufuata spea huko. "Wanangoja treni ipite. Ikipita, bariyeri inapanda yenyewe."

"Karatasi anaangalia nani?"

"Hakuna mutu. Ni kengele tu inalia."

Kwa kitambo tulikuwa wote kwenye mpunga ule, upepo wa treni ukitupuliza usoni. Kisha nikagundua kwamba mkono wangu umekwisha kuingia mfukoni kutafuta kitambulisho.

Basi lilipokwisha kutengenezwa tuliondoka, na kwenye bariyeri ya Kamenge tuliteremka kama kawaida, tukapanga mstari. Askari alifunua sufuria ya mama.

"Uji wa nani?"

"Wa mutoto wangu, afande. Amezaa juzi."

"Amezaa wa kike ao wa kiume?"

"Sijui. Mi bado sijafika."

Askari alimtazama, akainua kamba ya bariyeri. Tulipita wote nyuma yake, na hakuna aliyeulizwa karatasi.