Mama Alipohama na Udongo Wake

Enzi zetu nyumba haikuwa na ndoo ya taka. Ukimwambia hivyo kijana wa leo atadhani tuliishi katika uchafu. Lakini nyie wenzangu mliokulia pande za Kibiti kabla barabara haijawekwa lami, hebu nisaidieni kukumbuka: taka yenyewe ilikuwa nini? Kopo likiisha maziwa liligeuka koroboi. Gazeti la kufungia sukari tulijalidia madaftari. Kifuu cha nazi kilikuwa kata ya kuchotea maji. Kilichobaki, yaani maganda, chicha za nazi na majivu ya jikoni, kilitupwa nyuma ya nyumba, na hakuna aliyekijali tena. Isipokuwa mama yangu.

Mama alikuwa ameolewa Mohoro. Alipoachwa alirudi kwao na mie nikiwa naanza shule, na wadogo zangu wawili, mmoja mgongoni. Babu alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo aliyemgawia pa kulima ni kaka yake mkubwa, Mjomba Saidi. Alimpa kipande nyuma ya mikorosho, mchanga mtupu, mweupe kama chumvi, ukikanyaga mchana unarukaruka kwa moto. Mwaka wa kwanza tulipanda bamia zikatoka fupi kama vidole vya mtoto, halafu zikanyauka zote. Mama akachuchumaa akachota ule mchanga, akauachia upite katikati ya vidole.

"Kule Mohoro mto ulikuwa unatuletea udongo mpaka mlangoni," alisema. "Huku mto hauji. Itabidi tuulete wenyewe."

Sikumwelewa. Nilikuja kumwelewa alipochimba shimo, la kina cha kiuno chake, akatukabidhi tenga.

Basi kila siku tukitoka chuoni kusoma Kurani, wenzetu wanacheza rede na kombolela, sisi tunapita nyumba kwa nyumba. "Hodi, mna maganda?" Tulikusanya maganda ya ndizi, ya muhogo na ya mapapai, chicha, majani ya chai, pumba kutoka mashine ya kukoboa mpunga, kinyesi cha kuku. Kule stendi walikokuwa wakikaanga perege wa Rufiji tulipewa matumbo ya samaki, na hayo mama aliyafukia chini kabisa ili paka wasiyafukue. Msimu wa korosho ndio ulikuwa mbaya. Mabibo yaliyosagika tuliyabeba kichwani, maji yake yanachuruzika mpaka shingoni, na harufu ile kali ya uchachu inakuganda siku nzima. Shuleni walituita Wana wa Jalala. Mdogo wangu Hamisi alipigana mara kadhaa kwa jina hilo, na kila alipopigana alishindwa.

Mama alikuwa akitandaza kila kitu kwa zamu: maganda, majani makavu, samadi kidogo, majivu. Anamwagia maji ya kuoshea mchele na kufunika kwa makuti. Alasiri anafunua pembeni kuchungulia. Nyungunyungu walianza kuonekana wachache, wekundu, wembamba kama uzi wa kushonea viatu. Baada ya mvua za vuli shimo zima likawa linatembea. Ukiweka sikio karibu unasikia kama mchele unaochambuliwa kwenye ungo, taratibu, bila kukoma. Na ile harufu ya kuoza iliondoka. Ilibaki harufu ya ardhi iliyonyeshewa.

Sisi watoto tuliwatamani wale nyungunyungu kwa jambo moja tu, chambo cha kuvulia kambare. Mama alitujua.

"Anayetaka kwenda kuvua akatafute chambo chake mtoni," alikuwa akisema. "Hao wangu wana kazi."

Mwaka baada ya mwaka tuliuchota ule udongo mweusi na kuumwaga shambani, tunachimba shimo jingine, tunaanza upya. Nilikuwa nimeshafika darasa la sita pale mchanga ulipoacha kuonekana. Ukilima, jembe linatoka na bonge jeusi, laini, lenye ubaridi. Tulivuna mchicha wa majani kama sahani, nyanya chungu, matango, bamia za kumwaga. Mipapai ilizaa mpaka tukaiwekea miti ya kuiegemeza. Wanawake waliokuwa wakitupa maganda yao sasa walituletea wenyewe, wakirudi na kifungu cha mchicha. Bi Tatu, jirani yetu, alikuwa hapiti bila kusema, akimwita mama kwa jina langu, "Mama Zuhura, shamba hili umelitia dawa gani?" Mama akimjibu, "Dawa ni maganda yako, shoga."

Hapo ndipo Mjomba Saidi alipokuja asubuhi moja, amevaa kanzu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake siku za kazi. Alikaribishwa chai. Alipomaliza akasema, "Dada, mke wangu mdogo anataka pa kulima. Nimeona nimpe shamba hili. Wewe nitakupa kule chini ya ule mkorosho mkubwa."

Kule chini kulikuwa na mchanga kama ule wa mwanzo.

Nilimtazama mama. Mikono yake ilikuwa ikikunja na kukunjua upindo wa khanga. Nilidhani atalia, au atamtukana. Alisema tu, "Sawa, kaka. Nipe wiki nihame."

Mjomba alipoondoka Hamisi alilia kwa hasira akisema ataenda kung'oa kila kitu. Mama akamwambia anyamaze akaoge.

Kesho yake baada ya sala ya alfajiri alituamsha. Alitupa matenga, akajifunga kibwebwe, akaanza kuchota. Alikuwa akichota udongo mweusi mpaka anapofikia weupe, kisha anasogea. Sisi tunabeba kichwani, tunashuka, tunamwaga chini ya mkorosho, tunapanda tena. Jua lilipotoka watu wakaanza kusimama njiani. Wengine walicheka. Ilisemekana talaka imempanda kichwani. Bi Tatu alisimama kidogo, akarudi kwake, akatokea na kikapu chake na binti zake. Kufika mchana tulikuwa msururu, wanawake waliotuletea maganda miaka yote ile, kila mmoja na chombo chake, wanapanda na kushuka huku wakiimba kama wanaokwenda kumtoa mwari.

Mjomba akaja anakimbia.

"Dada! Unafanya nini? Unahama na udongo?"

"Wako nimekuachia, kaka. Tazama." Mama akaukwangua kwa mguu ule mchanga mweupe. "Ulionipa ni huu. Huu mwingine ni chicha za Bi Tatu na mabibo ya watu."

Mjomba alikwenda kumleta balozi wa nyumba kumi. Balozi alikuwa mtu mnene asiyependa kutembea juani, akafika anahema na kujipangusa uso. Akasikiliza pande zote mbili, akamgeukia mjomba.

"Bwana Saidi, dada yako ulimpa nini?"

"Shamba."

"Lilikuwaje?"

Mjomba aliutazama ule weupe miguuni pake. Wanawake walikwishaanza kucheka.

"Mchanga," akasema mwishowe.

"Basi mchanga wako si huo hapo? Niacheni nikale." Akaenda zake.

Tulibeba wiki nzima. Kichwa changu kiliota upara katikati kwa kubeba. Tuliubeba udongo na nyungunyungu wake, na mama akachimba shimo jipya kabla hata hatujajenga banda la kuhifadhia majembe.

Mjomba hakukanyaga kwetu kwa muda mrefu, hata Idi haikumleta. Aliyekuja ni yule mke mdogo, Somoe, msichana mpole asiyekuwa na kosa lolote katika yale. Alikuja na kikapu cha maganda kichwani, akasimama uani macho chini. "Wifi, kule mchicha hauoti," alisema. Niliona Hamisi akikunja uso. Mama akampokea kikapu, akamketisha, akamwonyesha shimo tangu juu mpaka chini. Alipoaga, mama alimchotea nyungunyungu konzi mbili pamoja na udongo wao, akawafunga katika jani la mgomba, akamwambia asiwaache juani.

Msamaha mjomba hakuomba kwa mdomo. Lakini miaka kadhaa baadaye lilikuja papai kutoka kule juu, kwenye shamba letu la zamani, kubwa, limeiva vizuri, Somoe akisema, "Kaka yako kasema ulionje." Mama alilikata vipande, tukala sote. Yeye alikula taratibu, akatabasamu peke yake, kisha akakusanya maganda akayapeleka shimoni.

Mama ametangulia mbele ya haki. Mie sasa naishi Kibiti mjini, nyumba ya tofali yenye ukuta na geti. Mjukuu wangu aliyetoka Dar miezi kadhaa iliyopita alikuja na beseni lenye nyungunyungu aliowanunua, ndiyo, nyungunyungu wa kununua! Kawaona kwenye simu, ati ni mradi. Anawapiga picha, anawapa matikiti maji, na mmoja akitoka nje ya beseni anapiga kelele mpaka nikamrudishe mimi kwa mkono. Mwenzangu, nimecheka. Lakini ni kijana mzuri, na udongo wake unatoka mweusi vilevile.

Ninachokikosa mimi ni kingine. Zamani kwa kupita na tenga tu tulijua kila nyumba imepika nini: huku kisamvu cha nazi, huku muhogo mkavu, kule leo kuna mgeni wamechinja. Na nyumba ikikosa maganda jana na leo, mama hakuuliza, alitutuma na mchicha na muhogo jioni ile ile. Leo nafungua geti asubuhi, kila mtu ametoa mfuko wake mweusi, umefungwa fundo, unasubiri gari. Jirani yangu wa kulia tunagawana ukuta mwaka wa tisa huu, na sijui jana kama alikula.