Mbegu ya Bwana Utafiti

Mama Uji aliijua soya kuanzia kwenye sufuria kwenda mbele. Ya kabla ya sufuria hakuyajua, wala hakuona haya kusema hivyo. Shamba lilikuwa la mumewe. Yeye alizipokea soya zikiwa zimeshapurwa, akazipepeta, akazichemsha, akazianika, kisha akazikaanga mpaka ile harufu ya ubichi ikaisha kabisa, ndipo akazipeleka mashineni kusagwa. "Ukifanya haraka hapa kwenye kikaango," alipenda kusema, "watoto wa watu wataharisha, na wewe utahama mtaa."

Alipoanza kuuza unga wake sokoni, watu walimcheka. Soya? Hicho si chakula cha kuku? Wengine walisema ni chakula cha wagonjwa, wakawa wanaipita meza yake kwa mbali, kana kwamba atawaambukiza. Hakununa. Kila asubuhi alibeba chupa ya uji wa moto na vikombe vidogo, akawaambia, "Onja kwanza, matusi baadaye." Wakaonja. Haikupita miaka mitatu, wale wale waliomcheka wakawa ndio wa kwanza kugomba wakikuta mifuko imeisha saa nne asubuhi.

Mumewe alikuwa mtu wa maneno machache. Walimwita Bwana Utafiti kwa kumtania, maana shule aliiacha kabla haijamkolea. Lakini kichwa kilikuwa kinachemka. Soya ina tabia moja mbaya: ikikauka shambani nawe ukachelewa kuvuna, maganda hupasuka yenyewe na kumwaga kila kitu chini. Ndege wanashiba, wewe unalia. Basi kila mwisho wa msimu Bwana Utafiti alizunguka shambani mwake akitafuta mche ambao maganda yake yamekataa kupasuka. Akiuona anaufunga kitambaa. Miche hiyo aliivuna peke yake, kwa vidole, na mbegu zake ndizo alizopanda msimu uliofuata. Alifanya hivyo misimu kumi na mmoja. Mkewe alilalamika kwamba nguo za nyumba nzima zinaishia kuivisha soya.

Msimu wa kumi na mmoja, wenzake walipokuwa wanaokota mbegu ardhini, kwake hakuna ganda lililopasuka. Alipata gunia moja la mbegu safi, akalishona mdomo kwa mkono wake. "Mvua zikianza nagawa," alimwambia mdogo wake, ambaye naye alikuwa mkulima katika kikundi chao cha soya. "Kila mtu bakuli moja. Mbegu ikiwa kwa mtu mmoja haina maisha." Hayo yalikuwa maneno mengi kwa mtu kama yeye. Wiki mbili baadaye kifua kilimbana, na siku ya nne akafa. Hivyo tu, kama mtu aliyetoka mara moja kuangalia mlango.

Mvua zikaanza. Shemeji akaja, kofia mkononi, akasimama mlangoni mwa jiko.

"Shemeji, pole na kazi. Naona mvua imeshika."

"Nimeiona."

"Ni lile gunia la kaka. Alisema atagawa. Wenzangu wanauliza, nami nimeona nije mwenyewe. Hata ukitupimia bakuli mbili tatu tu, tukapanda, mbegu isije ika..."

"Mwenyewe hata udongo haujamkaukia, nyie mmeshafika na mabakuli!" Mama Uji aliweka mwiko chini. "Kufa kufaana, siyo?"

Shemeji alitazama miguu yake. "Si hivyo, shemeji."

"Ni hivyo hivyo. Mwaka huu shamba lake litakaa kimya kama ninavyokaa mimi. Mwakani nitaipanda mwenyewe, kwa mkono wangu, nikivuna nitawagawia. Inaenda wapi? Akiba haiozi."

Aliyetunga methali hiyo hakupata kulima soya.  Shemeji alivaa kofia yake akaondoka, na Mama Uji akarudi kwenye kikaango akilia kwa hasira.

Jioni hiyo aliliondoa gunia chumbani akalipandisha darini, juu kabisa ya jiko lake la kukaangia, mahali pakavu kuliko pote katika nyumba ile. Pale panya hafiki na mdudu hastahimili moto. Mwaka mzima moto uliwaka chini yake, akikaanga soya za kununua kwa wengine. Kila asubuhi alipanda ngazi, akaligusa gunia, akalipasha habari: leo nimeuza mifuko yote, leo mashine imeharibika, leo nimekuota. Majirani wakasema mama wa watu amechanganyikiwa. Mimi simcheki. Alikuwa anakitunza kitu pekee cha mumewe kilichobaki na uhai ndani yake, na alikitunza kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

Mvua za mwaka wa pili zilipokuja alishika jembe. Mgongo ulimuuma, mistari ikaenda upogo, lakini alipanda gunia lote mpaka punje ya mwisho. Mbegu zilikuwa bado njano, safi, bila tundu hata moja. Siku ya saba mashamba ya wenzake yalikuwa yameshaota. Lake lilikuwa udongo mtupu. Alilaumu ndege, akalaumu mchwa, akajilaumu kwamba amefukia chini mno.

Siku ya kumi shemeji alikuja bila kuitwa. Alichuchumaa, akafukua, akatoa punje moja akaiminya. Ikapondeka kama ugali uliolala. Akafukua ya pili, na ya tatu.

"Imekufa, shemeji."

"Imekufaje? Nimeitunza mwaka mzima! Niliiweka juu ya jiko, pakavu, hata..."

"Juu ya jiko?" Alifumba macho. "Soya si mahindi, shemeji. Haikai mwaka. Na joto ndilo linaimaliza upesi."

"Mbona kaka yako hakuniambia?"

"Angekwambia lini? Kila mwaka alipanda. Kwake haikuwahi kungoja."

Mama Uji alimkazia macho. "Na wewe ulijua."

"Nilijua. Ndilo lililonileta siku ile." Aliidondosha punje chini. "Uliposema kufa kufaana, nikaona nikisisitiza nitaonekana kweli nimefuata mali ya kaka. Nikanyamaza. Ningekuibia, shemeji. Hata konzi moja. Mlango wako haukuwa na kufuli."

Mama Uji alimshika mkono ule wenye matope kwa mikono yake yote miwili. "Mbona hukuniibia?" akasema. "Ungeniibia tu, baba. Mbona hukuniibia?"

Hata siku ya mazishi hakulia hivyo. Siku ile alikuwa amezika mume. Leo alikuwa amezika misimu kumi na mmoja ya macho na vidole vya mume huyo, na safari hii mchimba kaburi alikuwa yeye. Shemeji alimwacha alie. Yeye aliendelea kufukua, mstari kwa mstari, mpaka mwisho wa shamba, akitafuta hata mche mmoja, na hakuupata.